Shamba la Mlimani: Liuzwe, Lisiuzwe?

Ukiacha upepo na vumbi la Same mjini ukapanda milima ya Upare kuelekea Chome, Mbaga, Mamba au Gonja, unaingia kwenye nchi nyingine: migomba, kahawa, tangawizi, maharage yaliyopandwa kwenye miteremko ambako mgeni asingethubutu kusimama. Kila kipande huku kinaitwa kwa jina la mtu, na mara nyingi mtu huyo ameshalazwa humo humo. Kila Desemba watoto na wajukuu hupanda mlima kutoka Dar es Salaam, Arusha na Tanga. Makande yanaiva, salamu zinakwisha, kikao kinaitwa. Ajenda ni ile ile ya mwaka jana: shamba. Mmoja anataka liuzwe, mwingine hataki hata kusikia neno hilo, na wa tatu, kumbe, ameshakula advansi ya mnunuzi.

Mjadala huu haukurekodiwa katika nyumba fulani. Hoja hizi zinajirudia ukoo baada ya ukoo, nami nimeziweka pamoja zijibizane. Tuchukulie mfano mmoja: ekari mbili mlimani, nyumba ya bati, kahawa iliyozeeka, miti ya mbao, mfereji unaopita kando, makaburi manne. Baba amefariki na kuacha watoto sita, na wote wako mbali. Baba mdogo amebaki mlimani. Shangazi aliachika zamani, akarudi nyumbani, na ndiye anayelima. Mwalimu mstaafu ni jirani, wakili ameletwa na kijana, dalali amejileta mwenyewe.

BABA MDOGO: Nianze mimi, kwa kuwa ndimi niliyebaki huku. Shamba hili halijawahi kuwa la mtu mmoja. Marehemu kaka alilipokea kwa baba, baba kwa babu, na babu ndiye aliyefyeka pori. Mnayaona masale yale ya mpaka ukingoni mwa korongo? Hayo ndiyo hati yetu. Hata miaka ya njaa hakuna aliyethubutu kuyang'oa. Anayeishi humu ni mtunzaji tu, anakula kisha anamwachia anayefuata. Sasa mtunzaji auze alichopewa atunze? Na makaburi yale manne, dalali ameyapangia bei gani? Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milima hii kwa maelfu, wakaketi Same kukataa kodi ya mbiru, kwa sababu hawakukubali mtu aingie boma la mwenzake amkadirie mali yake. Leo ninyi mnamwita mkadiriaji wenyewe na kumpikia chai.

KIJANA: Baba mdogo, shikamoo, na sitakuvunjia heshima. Ila tuseme yaliyopo. Kahawa hii imechumwa mara ya mwisho baba akiwa na nguvu zake. Nyumba inavuja. Tuko sita, ekari mbili kwa watu sita ni theluthi moja ya ekari kwa kila mmoja. Tukifika kwa watoto wetu, hata kila mmoja akiwa na wanne tu, mjukuu mmoja anaambulia sehemu moja ya kumi na mbili ya ekari, tena kwenye mteremko. Hapo panatosha banda la kuku. Baba alipolazwa, hospitali haikupokea masale. Ilitaka fedha, tukachangishana mpaka tukakopa. Shamba lilikuwepo, halikumsaidia kitu.

BABA MDOGO: Lilimlea. Lilikulea na wewe. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye kahawa hiyo hiyo unayoicheka.

KIJANA: Siicheki, baba mdogo. Nasema ilikuwa na siku zake.

MWALIMU: Naomba niingilie, maana mnaongea kama vile ardhi ya Upare haijawahi kuuzwa. Imeuzwa, tena na tena. Ila kila ilipouzwa hapakuwa na Mpare mezani. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Sasa mwangalie mgeni aliyesimama pale chini, kwenye tambarare yenye malisho na vichaka. Kwa macho yake pale hapana mwenyewe. Miaka miwili kabla ya amri hiyo, Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yale. Reli ikapita chini ya milima yetu, mkonge ukafuata reli. Vita ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliyachukua mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui wakayapiga mnada. Wakanunua Wagiriki, Wahindi na Waingereza wenyewe. Kuanzia 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na wapo walionunua tena. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikataifishwa. Baadaye yakauzwa tena kwa watu binafsi. Mkonge bado unauona ukipita Makanya, bado unauona Ndungu. Katika mikono yote hiyo, nitajieni kikao kimoja ambacho mzee wa Kipare aliulizwa.

KIJANA: Mwalimu, huo ulikuwa unyang'anyi. Mimi nazungumzia kuuza cha kwetu kwa hiari yetu.

MWALIMU: Ndipo ninapotaka ufike. Aliyenyang'anywa na aliyeuza bila kufikiri hukutana mahali pamoja: wote wawili wanakuwa vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yao. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilitaka Waafrika waanze kumiliki ardhi kwa hati ya moja kwa moja, mtu auze apendavyo. Nyerere alipinga kwa maandishi, katika kijitabu cha Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katika nchi ambayo wananchi ni maskini na wachache wana fedha, ukifanya ardhi kuwa bidhaa, wenye fedha wataimaliza. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, umiliki ule wa daima ukafutwa, ukageuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka kwa serikali.

KIJANA: Sasa basi kama ardhi ni ya serikali, tunagombania nini hapa?

WAKILI: Swali zuri, na jibu lake limewaponza wengi. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Unachomiliki wewe ni haki ya kukaa na kutumia. Lakini haki hiyo si hisani ya mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo, ambayo kama mwenzake ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali. Inarithiwa. Na inaweza kuuzwa.

BABA MDOGO: Kwa yeyote?

WAKILI: Hapana, mzee. Uhamisho lazima upite halmashauri ya kijiji, na asiye mwanakijiji lazima awe anakusudia kuishi au kufanya kazi pale. Mgeni asiye raia hapati ardhi ya kijiji kwa kununua kwenu. Ardhi kwake ni kwa ajili ya uwekezaji tu, na ina njia zake. Halafu kuna jambo ambalo vikao vya ukoo hulisahau. Marehemu hajaacha muuzaji. Mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kuuza hata mche mmoja wa mgomba. Muhtasari wa kikao cha ukoo hupelekwa mahakama ya mwanzo ukimpendekeza mtu, mahakama inatangaza, na asiporidhika mmoja anaweka pingamizi. Msimamizi naye hapewi shamba liwe lake. Anapewa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa.

SHANGAZI: Haya, sasa mmefika kwangu bila kujua. Mnasema ukoo, ukoo. Huo ukoo una sura za kiume tupu. Niliporudi hapa baada ya ndoa kuvunjika, nilipewa kona ile ya kwenye mawe, nikaambiwa "lima tu, hapa ni kwenu." Nimelima. Nimepanda miti ile mnayoihesabu kuwa mbao. Lakini likitajwa suala la kugawa, naambiwa binti anatumia tu, hamiliki. Sasa linapotajwa suala la kuuza, nimekumbukwa: njoo uweke sahihi. Kwa hiyo mimi ni mtu siku ya sahihi tu?

BABA MDOGO: Dada, mila ndiyo iliyosema hivyo, si mimi.

SHANGAZI: Mila hiyo imewahi kupelekwa mahakamani. Mweleze, wakili.

WAKILI: Ni kesi iliyoanzia Muleba, mkoani Kagera, na kufika Mahakama Kuu Mwanza, Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akafungua kesi kulirudisha, akisema kanuni za mila zilizotangazwa 1963 zinamruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hazimruhusu kuiuza. Jaji James Mwalusanya akaamua mwaka 1990 kwamba baada ya haki za binadamu kuingizwa katika Katiba mwaka 1984, ubaguzi huo hausimami. Mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Miaka michache baadaye sheria ya vijiji ikaandika kwa maneno yake kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili.

BABA MDOGO: Kwa hiyo mahakama iliua ukoo.

WAKILI: Sikiliza nusu ya pili, mzee, watu huwa hawaisomi. Jaji alisema vilevile kwamba ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ridhaa, wanaukoo wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake, na kanuni hiyo ni moja kwa muuzaji mwanamume na muuzaji mwanamke. Aliyelalamika akapewa miezi sita alete shilingi 300,000. Asipoleta, shamba ni la mnunuzi.

SHANGAZI: Umesikia, kaka? Mwenye uchungu na shamba alete fedha. Uchungu wa mdomo hauna bei.

MWALIMU: Mkidhani ni sisi tu tunaosumbuliwa na jambo hili, mtakuwa mmekosea. Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa na ugonjwa huu huu, ila kwa mabwana wenye majumba ya vyumba hamsini. Mashamba yao makubwa yalikuwa yamefungwa kwa hati za familia. Baba alikula mapato akiwa hai, hakuruhusiwa kuuza, na baada yake alifuata mtoto wa kwanza wa kiume. Mtunzaji, kama anavyosema mzee hapa. Mfumo ulikwenda vizuri mpaka miaka ya 1870, nafaka ya Marekani ilipoanza kufurika kwa reli na meli. Bei ya ngano ikaporomoka, wapangaji wakashindwa kulipa kodi, paa la jumba likavuja, na bwana mkubwa akawa na madeni mengi na shamba asiloweza kuliuza.

KIJANA: Kama sisi na kahawa.

MWALIMU: Kabisa. Basi mwaka 1882 Bunge lao likapitisha sheria: anayelitumia shamba maisha yake anaweza kuliuza. Lakini fedha haziingii mfukoni mwake. Zinakwenda kwa wadhamini, zinawekezwa, yeye anakula faida, na mtaji unawangoja wanaofuata. Na jumba kuu la familia halikuweza kuuzwa mpaka wadhamini waridhie au mahakama iamuru. Mwaka huo huo wa 1882 ikapita sheria nyingine iliyompa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki na kuuza mali kwa jina lake mwenyewe.

SHANGAZI: Kumbe Mzungu naye alikuwa na baba mdogo!

MWALIMU: Alikuwa naye, tena mwenye kofia ndefu. Nimalizie. Shamba kama hilo likienda mnadani, kulichapwa kijitabu. Kila konde liliorodheshwa: jina lake, ukubwa wake, linalimwa au ni malisho, nani amepanga na analipa kiasi gani. Nyuma kulikuwa na ramani yenye rangi. Mnunuzi na jirani walisoma kitabu kile kile kabla ya siku ya mnada.

DALALI: Mmenitaja sana bila kunipa nafasi. Mimi huku sijaona kijitabu. Ninachokiona ni karatasi mbili za katikati ya daftari la shule. Juu imeandikwa MKATABA WA MAUZIANO YA SHAMBA. Ukubwa: hatua 90 kwa hatua 60, na anayehesabu ni mtu mrefu aliyeletwa na muuzaji au mtu mfupi aliyeletwa na mnunuzi, inategemea nani kawahi. Mipaka: kaskazini korongo, kusini njia ya kanisani, mashariki jirani fulani, magharibi mti wa mruka. Mti ukikatwa, mpaka umekwenda na mbao. Mashahidi wawili wa muuzaji, wawili wa mnunuzi, wino wa dole gumba, muhuri wa kitongoji. Na kuna mahali mwenyekiti anadai asilimia 10 ambayo haimo katika sheria yoyote.

KIJANA: Na wewe unachukua yako.

DALALI: Nachukua, ndiyo kazi yangu. Lakini nisikilize, kijana. Mimi nauza shamba, siuzi kesi. Nchi nzima inatutania Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili kufuatilia kesi ya kuku. Mnunuzi naye anaujua utani huo. Akifika hapa akakuta shangazi amenuna, baba mdogo haongei, na mdogo wako Arusha hapokei simu, ananiambia jambo moja kati ya mawili: anaondoka, au anatoa nusu bei, kwa sababu nusu nyingine anaiwekea akiba ya mahakamani. Shamba moja likiwa na ridhaa ya watu wote linauzwa vizuri. Lile lile likiwa na mnuno, wanunuzi makini wanakimbia, anabaki mbabe. Mnauza kwa mbabe, halafu mnashangaa jirani yenu ni mbabe.

BABA MDOGO: Hapo kwenye jirani umenigusa. Hamjauliza habari ya maji. Hili shamba lina zamu yake. Maji ya kijito yanaingia kwenye ndiva, bwawa letu dogo, usiku kucha, asubuhi tunafungua, yanashuka kwenye mifereji, leo huyu kesho yule. Huko chini, Bangalala, wanayo ndiva ya Manoo na utaratibu ni huo huo. Zamu hainunuliwi dukani. Inakuja na kazi: tope likijaa, inapigwa mbiu ya msaragambo, kila nyumba inaleta jembe. Ukimuuzia mtu wa mjini anayetaka mahali pa kujenga nyumba ya kupumzikia, siku ya msaragambo atatuma nini? Picha? Mfereji ukifa kwake, wa chini yake wote wamekufa. Ndiyo maana nasema shamba halikuwa la mtu mmoja. Sikusema kwa ajili ya mababu tu, nilisema kwa ajili ya walio chini ya mfereji.

KIJANA: Baba mdogo, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ulizotoa leo, nzito kuliko makaburi. Sasa niulize. Mimi niko Dar. Mara ya mwisho kushika jembe kwenye msaragambo nilikuwa sijamaliza darasa la saba. Wadogo zangu ni hivyo hivyo. Zamu yetu ya maji inafanyiwa kazi na nani?

SHANGAZI: Na mimi.

KIJANA: Basi niambieni: kati ya mimi mwana wa ukoo nisiyekuja, na mgeni atakayehamia hapa na mke na watoto, akaleta jembe siku ya mbiu, nani jirani bora kwa ndiva?

BABA MDOGO: Mgeni huyo akipatikana... Lakini kwanza aulizwe aliyepo. Kama kazi ndiyo kipimo, mwenye shamba hili yumo humu ndani tayari.

WAKILI: Hapo ndipo kikao kilipopaswa kuanzia. Msimamizi akishateuliwa, warithi wanaweza kukubaliana kwamba shangazi anachukua nusu ya chini anayoilima, kwa jina lake, apate hati ya hakimiliki ya kimila kijijini. Nusu ya juu itangazwe kwanza ndani ya ukoo kwa bei ile ile atakayotoa wa nje, kwa muda uliotajwa, tuseme miezi sita kama kwenye ile kesi. Muda ukipita bila mtu kuleta fedha, auziwe wa nje, halmashauri ya kijiji ikiridhia. Makaburi na njia ya kuyafikia viandikwe kuwa havimo. Na mkalipime kwa kamba, siyo kwa hatua.

KIJANA: Na fedha? Wadhamini wetu ni nani? Msiniambie tunaziweka kwa baba mdogo.

BABA MDOGO: Hata mimi sizitaki, nitaonekana nimezila hata nikizitunza.

SHANGAZI: Zikigawanywa mkononi zitaisha kabla ya Pasaka. Naijua familia hii.

Hapo niwaache waendelee kubishana, niseme ninavyoona.

Baba mdogo ana haki anaposema kwamba shamba la mlimani limefungamana na watu wengi kuliko jina lililo kwenye karatasi. Amekosea anapodhani kwamba kukataa kuuza kunatosha kulitunza. Shamba ambalo halilimwi, ambalo mteremko wake unamomonyoka na mfereji wake umeziba, linauzwa kidogo kidogo kila masika, bila mkataba na bila shahidi. Kijana naye ana haki anapokataa kufungwa na theluthi ya ekari asiyoweza kuilima. Anakosea anapofanya hesabu kana kwamba waliopo ni warithi sita tu. Shangazi hakuwemo katika hesabu yake, na yeye ndiye aliyekuwa akilipa gharama ya shamba kwa mgongo wake.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba liuzwe linapobidi, kwa masharti matatu ambayo hayahitaji sheria mpya. La kwanza, asiuze mtu kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa na kabla ya kila mwenye haki, wa kike na wa kiume, kusikilizwa na kuandikwa. Nyumba ya ndoa nayo, ndoa ikiwa bado ipo, haiuzwi bila ridhaa ya mwenza; Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo waziwazi. La pili, aliye ndani ya ukoo, na hasa anayelilima shamba, apewe nafasi ya kwanza kwa bei ya haki, lakini nafasi yenye mwisho. Ukoo unaozuia uuzaji miaka kumi bila kutoa senti unamfunga ndugu yake tu. La tatu, na hapa ndipo vikao vingi vinapokwama, ijulikane kabla ya kusaini fedha inakwenda kuwa nini. Mabwana wa Uingereza walilazimishwa na Bunge mtaji usiguswe. Sisi tunaweza kujilazimisha kwa akaunti ya pamoja yenye watia sahihi watatu, mmoja wao akiwa mwanamke, na kwa uamuzi ulioandikwa: kiwanja, ada za watoto waliotajwa majina, au shamba jingine tambarare penye maji. Ekari iliyogeuka kuwa ekari nyingine au elimu haijapotea. Iliyogeuka kuwa sherehe ya Krismasi imepotea, hata kama karatasi zote zilipigwa muhuri.

Wanaosema mambo haya yatasuluhishwa baadaye wakumbuke mambo mawili. Tangu 2021 baraza la kata linapatanisha tu, halitoi hukumu. Msipoelewana pale, safari ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa nauli na muda wenu. Na dai la kurudisha ardhi lina kikomo cha miaka 12. Ndugu anayenyamaza kwa heshima leo anaweza kukuta kesho heshima yake imekula haki yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku mlimani mipaka mingi bado imo vichwani mwa wazee wachache wanaojua isale lipi lilipandwa na nani. Kikao cha Desemba kikiitishwa, kabla hamjabishana kuhusu bei, mchukueni mzee huyo mtembee naye mpaka kwa mpaka, majirani wakiwepo, na mmoja wenu mwenye mwandiko mzuri aandike. Kazi hiyo inamfaa anayetaka kuuza na asiyetaka, na haimgharimu yeyote zaidi ya asubuhi moja.